Waya uliopita kipimo: uchambuzi wa kisa cha P0010 kwenye injini ya 1NZ-FE

Usuli

Kisa hiki kilipita kwenye gereji ya mtaani Dar es Salaam. Namba ya gari, majina ya wahusika na gereji zilizotangulia havitajwi hapa. Mpangilio wa matukio na vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye kadi ya kazi.

Gari ni Toyota ndogo yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1497 inayopatikana kwenye Vitz, Ist, Probox, Allion na ndugu zao wengi. Lilikuja nchini likiwa limetumika Japani, na wakati wa kisa lilikuwa likifanya kazi ya teksi ya mtandao. Dashibodi ilisoma zaidi ya kilomita laki moja na nusu, namba ambayo kwa gari la mtumba unaiamini kwa hiari yako.

Dereva hakuwa mwenye gari. Alikuwa akipeleka hesabu kwa tajiri, na hilo lina uzito katika kisa kizima, kwa sababu gari likilala gereji hesabu hailali. Ndiyo maana kabla ya kutufikia lilishapita gereji mbili, na kila moja ilifunga au kusafisha kitu upesi ili kijana arudi barabarani.

Lalamiko lake lilikuwa hivi: "Fundi, asubuhi iko safi kabisa. Nikishakaa kwenye foleni na AC, taa ya injini inawaka, gari inakuwa nzito. Kupanda Kimara mpaka niikanyage kweli." Tulipomuuliza zaidi alisema haizimi, na sailensi haina shida, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta inatulia tu. Mafuta ndiyo yalikuwa yanaisha kuliko zamani.

Gereji ya kwanza ilisoma msimbo wa hitilafu P0010, ikang'oa valvu ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu za injini kufunguka) injini ikiwa bado ya moto, ikapima koili yake na kupata ohmu 9 na kidogo. Vipimo vya kiwanda vinasema ohmu 6.9 hadi 7.9. Valvu ikahukumiwa hapohapo, ikafungwa nyingine ya mtumba. Taa ilirudi kabla ya wiki kuisha.

Gereji ya pili ililaumu oili. Ndani kulikuwa na 20W-50, nzito kwa injini hii. Ikamwagwa, filta ndogo ya njia ya VVT ikasafishwa, ikawekwa 5W-30. Kazi nzuri, na kwa afya ya injini ilistahili kufanyika hata kama gari halina tatizo lolote. Ila taa ilirudi tena, na ushauri wa mwisho ukawa kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Gari lilipofika kwetu, tajiri alishaanza kuulizia bei ya kontroli boksi ya mtumba Kariakoo.

Mfumo wenyewe, kwa ufupi unaohitajika

Kwenye injini hii VVT-i inageuza kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya valvu za kuingiza hewa peke yake. Kontroli boksi inasoma sensa ya krenkishafti na sensa ya kamshafti, inapiga hesabu ya pembe inayotakiwa, kisha inapeleka umeme wa kukatakata kwenye koili ya valvu ya oili. Valvu inaelekeza oili upande wa kuwahisha au wa kuchelewesha ufungukaji huo, ndani ya gia iliyo mbele ya kamshafti. Umeme ukikaa karibu nusu ya muda, gia inashikilia pale ilipo. Ukizidi inawahi, ukipungua inachelewa.

Umeme ukikatika kabisa, springi ndani ya valvu inairudisha upande wa kuchelewesha, na gia inakaa mwisho wa kuchelewa. Hapo injini haifi. Sailensi inakuwa tulivu, kwa sababu huko ndiko kamshafti inakotakiwa iwe injini ikiwa haijakanyagwa. Kinachopotea ni nguvu ya katikati, ile ya mizunguko 2000 hadi 4000, unayoihitaji kupanda mlima ukiwa na abiria wanne. Kinyume chake, valvu ikikwama upande wa kuwahisha, sailensi inatetemeka na mara nyingi injini inazima ukisimama kwenye taa. Kwa hiyo maneno ya dereva peke yake yalishatuambia nusu ya habari: gia yake ilikuwa inachelewa, haikuwa imekwama mbele.

Jambo la pili ni njia ya waya. Kwenye 1NZ-FE nyaya zote mbili za valvu zinatoka kontroli boksi. Hakuna fyuzi katikati, wala rilei. Kwenye magari mengi ya aina nyingine waya mmoja unapata volti 12 ukishafungua swichi na kontroli boksi inacheza na ule wa pili tu. Fundi aliyezoea mpangilio huo anachomeka taa ya kupimia kwenye soketi, anakosa volti 12, anatangaza kwamba umeme haufiki. Kwenye gari hili kukosa volti 12 za kudumu pale ni hali ya kawaida.

La tatu ni maana ya msimbo. P0010 inazungumzia saketi: kontroli boksi imeamrisha valvu na umeme haukupita kama ulivyotarajiwa. P0011 na P0012 zinazungumzia matokeo, kwamba kamshafti imewahi mno au imechelewa mno kuliko ilivyoamriwa, na hapo ndipo oili chafu, filta iliyoziba au gia iliyochoka vinapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Toyota za zamani kidogo zina misimbo yake: P1656 kwa saketi ya valvu, P1349 kwa mfumo mzima. Gari letu lilikuwa na P0010 peke yake, bila P0011 wala P0012. Oili nzito ingeweza kuleta mojawapo ya zile mbili. Kukata mkondo wa umeme haiwezi.

Hatua za kwanza na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutofuta chochote. Watu wengi wakichomeka mashine ya kusomea misimbo wanasoma msimbo, wanafuta, wanaona kama utarudi. Ukifuta unapoteza kumbukumbu ya hali ambayo kontroli boksi inaihifadhi msimbo unapoingia: joto la maji, mizunguko, mwendo wa gari, mzigo wa injini. Kwenye gari hili ilionyesha maji nyuzi 93, mwendo sifuri, mizunguko ya sailensi AC ikiwa inafanya kazi. Maelezo ya dereva yalikuwa ya kweli, na hitilafu haikuzaliwa mlimani. Ilizaliwa gari likiwa limesimama kwenye foleni, joto likiwa juu na injini ikitikisika kidogo kwa sababu kompresa ya AC inaivuta. Mlimani dereva alikuwa anahisi matokeo tu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuamrisha valvu kwa mashine kabla ya kufungua kitu chochote. Gari lililala gereji usiku mmoja, asubuhi likawashwa likiwa baridi, likaachwa kwenye sailensi, kisha mashine ikaagiza VVT iwashwe. Injini ilitetemeka vibaya ikakaribia kuzima, na ilipoagizwa izime VVT ikatulia papo hapo. Hilo ndilo jibu sahihi la mfumo mzima.

Inafaa kusimama hapa, kwa sababu jaribio hili la dakika chache lilisafisha washukiwa wengi kuliko kazi zote mbili zilizotangulia. Kwa injini kutetemeka vile, kontroli boksi lazima iwe imetoa umeme, waya umeupitisha, koili imevuta, valvu imetembea, oili imefika kwa presha ya kutosha, na gia imegeuka. Kila kiungo kilikuwa kizima, asubuhi ile, kikiwa baridi. Tajiri alipigiwa simu hapohapo akaombwa asinunue kontroli boksi kwanza. Hakufurahi sana. Alitaka kusikia jina la spea.

Injini ikaachwa ichemke hadi feni ya rejeta ikazunguka, AC ikawashwa, jaribio likarudiwa. Mara ya kwanza injini ilitetemeka kama asubuhi. Baada ya muda kupita, amri ileile ilitolewa na injini ikaendelea kuunguruma kana kwamba haijaambiwa kitu. Muda mfupi baadaye taa ikawaka.

Valvu iliyohukumiwa kwa joto

Tuliyoyapata kwenye koili yanaeleza kosa la gereji ya kwanza vizuri. Asubuhi, hewa ikiwa nyuzi karibu 28, valvu iliyofungwa ilisoma ohmu 7.4. Ya moto ilisoma 9.1. Dereva, kwa bahati njema, alikuwa ameiweka valvu ya awali kwenye mfuko nyuma ya gari. Nayo tuliipima ikiwa baridi: 7.3.

Shaba inaongeza ukinzani kadiri inavyopata joto, takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Kile kipimo cha 6.9 hadi 7.9 kimeandikwa kwa nyuzi 20. Koili yenye ohmu 7.2 kwenye nyuzi 20, ukiipeleka nyuzi 90 umeiongezea nyuzi 70, sawa na asilimia 27 hivi, na unapata ohmu 9.1. Ohmu 9 kwa valvu iliyotoka kwenye hedi ya moto ni dalili ya uzima. Namba ya kitabu bila joto lake haimwambii fundi chochote, na valvu nyingi nzima zinatupwa namna hii. Valvu ya awali tuliigusisha betri kwa sekunde moja moja, kwa sababu koili inachemka haraka ikipewa volti 12 mfululizo, nayo ilitembea na kurudi kwa mlio mkali. Ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Waya uliopita kipimo

Zikabaki nyaya mbili kati ya kontroli boksi na valvu. Fundi wa zamu alichomoa soketi pande zote mbili, akaweka multimita kwenye ohmu, akapima waya mmoja mmoja. Wote wawili walisoma 0.4, na nyaya za multimita yenyewe zikigusanishwa zilisoma 0.3. Hakuna uliogusa ethi (bodi ya gari, upande wa hasi), wala hazikugusana. Kwa karatasi, waya ulikuwa mzima, na hapa ndipo gereji ya pili nayo ilipofikia kabla ya kuinyooshea kidole kontroli boksi. Hoja yao ilikuwa na mantiki: valvu mpya, oili mpya, waya mzima, basi kimebaki kitu kimoja.

Kasoro iko kwenye kipimo chenyewe. Multimita ikipima ohmu inapitisha mkondo mdogo mno, kwa kawaida milliampea moja au pungufu. Valvu hii ikiwashwa moja kwa moja kwa volti 13.8 inavuta kati ya ampea 1.5 na 1.9 kutegemea joto lake, yaani zaidi ya mara elfu moja ya mkondo wa multimita. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba ni sawa na gogo lililolazwa juu ya mto: mtu kwa miguu anavuka na kurudi, lakini lori haliwezi. Multimita ilikuwa imemvusha mtu wa miguu.

Kwa hiyo tulichukua balbu ya indiketa ya wati 21. Kwa volti 12 inavuta ampea 1.75, karibu sawa na valvu yenyewe, na inauzwa kila duka la spea kwa bei ya soda. Soketi ya kontroli boksi ikiwa bado imechomolewa (hili ni la lazima, kwa sababu ukirudisha umeme wa betri ndani ya kontroli boksi unaweza kuunguza sehemu inayoendesha valvu na kulifanya kosa la kubuni liwe la kweli), tuliingiza chanya ya betri upande mmoja wa waya, tukaweka balbu upande wa pili hadi ethi, kisha tukapima volti zinazopotea kati ya mwanzo na mwisho wa waya balbu ikiwa inawaka.

Waya wa kwanza ulipoteza chini ya volti 0.1. Waya wa pili, injini ikiwa imepoa, ulipoteza 0.2. Balbu ilikuwa nyeupe kwa zote mbili. Hata kipimo cha mzigo, peke yake, hakikutosha kuuangusha waya huu, ingawa zile volti 0.2 zilikuwa zimeshaanza kunong'ona.

Injini ikachemshwa tena, soketi zikachomolewa upesi, balbu ikarudishwa. Waya wa pili sasa ulipoteza zaidi ya volti 1, mwanga ukiwa umefifia kidogo. Fundi aliposhika wayaringi mahali unapopinda karibu na altaneta na kuutikisa taratibu, balbu ikafifia hadi nyekundu na multimita ikaruka kupita volti 4. Akiuachia, unarudi. Akiusukuma kuelekea injini, unafifia tena.

Kilichokuwa chini ya tepu

Tepu ya pale ilikuwa nyeusi kama ya kiwandani ila laini zaidi, gundi yake imeyeyuka na kushika vumbi. Ndani kulikuwa na kiungo cha mkono: nyaya mbili zimesokotwa, hakuna risasi ya kuchomelea (solda) wala kiungio cha kubana, zimezungushiwa tepu basi. Shaba ilikuwa imeshakuwa kijani. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika na zilizobaki zilikuwa zinagusana kwa kuegemeana. Injini ikiwa baridi, tepu imekaza na zinashikana. Ikichemka, tepu inalegea, kompresa ya AC inatikisa, zinaachana.

Hapo ndipo swali ambalo halikuulizwa siku ya kwanza likaulizwa: gari liliwahi kugongwa? Dereva hakujua, alilipokea hivi karibuni. Tajiri alipopigiwa alisema ndiyo, miaka kadhaa nyuma, upande wa kulia mbele, likanyooshwa na kupakwa rangi. Wayaringi ulikatika pale ukaungwa na aliyekuwa ananyoosha bodi, na tangu hapo hakuna aliyefungua tepu ile.

Kulikuwa na la ziada. Karibu na soketi ya valvu ganda la waya lilikuwa na matundu madogo ya sindano ya taa ya kupimia. Kutoboa waya ni tabia ya kawaida kwenye gereji zetu, na sehemu kavu unaweza kuendelea nayo miaka. Pwani, iwe Dar, Tanga au Mombasa, hewa ina chumvi, na tundu moja la sindano linakuwa mlango wa unyevu. Njia ya kupima bila kutoboa ni kuingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, sambamba na waya.

Matengenezo

Kipande kibovu kilikatwa hadi shaba ikaonekana nyekundu pande zote mbili, ikawa ni sentimita kadhaa kupita pale kijani kilipokuwa kinaonekana kwa nje, kwa sababu kutu ya shaba inatambaa ndani ya ganda. Kipande cha waya cha unene uleule kikaungwa kwa viungio vya kubana, vikafunikwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Mafundi wanabishana kuhusu risasi hapa. Binafsi, mahali panapotikisika napendelea kubana: risasi ikipanda ndani ya waya inaufanya mgumu, na waya unakatikia pale ugumu unapoishia. Viungo viwili vya kipande kile havikuwekwa mkabala na vya nyaya jirani, ili wayaringi usivimbe na usisuguane. Ukarudishwa ndani ya bomba lake la plastiki, ukafungwa ukiwa na ulegevu wa kutosha kwa injini kucheza juu ya maunti zake.

Matundu ya sindano yalizibwa. Valvu haikuguswa kwanza. Hilo lilikuwa ni kusudi: ukirekebisha waya na kubadilisha valvu kwa pamoja, taa ikizimika hujui kilichoizima.

Matokeo

Kipimo cha balbu kikarudiwa moto na kwa kutikisa: chini ya volti 0.1, na mkono haukubadilisha kitu. Jaribio la kuamrisha likarudiwa injini ikiwa ya moto na AC imewashwa, kwa muda mrefu kuliko uliokuwa unaliangusha awali, na kila amri injini ilitetemeka na kutulia. Barabarani pembe ya kamshafti kwenye mashine ilifuata amri ilipoongezwa mizunguko, badala ya kukaa sifuri. Dereva alipewa gari akakae nalo kwenye foleni ya jioni, mahali pekee pa kuaminika kwa hitilafu ya aina hii.

Aliporudi bila taa, ndipo valvu ya awali ilipofungwa tena ikiwa na oringi mpya, kwa sababu ile ya mtumba ilikuwa inavuja taratibu juu ya altaneta. Kwenye sevisi iliyofuata mashine haikukuta msimbo wowote, hata ule unaosubiri kuthibitishwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kulazimisha hitilafu itokee mbele ya macho kabla ya kuitafuta. Jaribio la kuamrisha likifanyika baridi pekee lingesema gari halina tatizo. Likifanyika moto pekee lingeacha washukiwa sita. Tofauti ya majibu mawili ndiyo iliyobana orodha: kitu kinachofanya kazi baridi na kufa moto, kwenye saketi ya valvu moja na nyaya mbili. Kontroli boksi ilibaki kwenye orodha hiyo kwa muda, kwa sababu nazo zina tabia ya kufa zikichemka. Iliwekwa ya mwisho kwa sababu mbili. Kwenye gari hili haikai ndani ya joto lilelile linaloipata valvu, na ndiyo kitu ghali kuliko vyote kukosea: ya mtumba inaweza kukataa funguo za gari hadi ziandikishwe upya, na gari lililoingia gereji linatembea likatoka kwa kuvutwa.

Balbu ya indiketa ilishinda multimita, lakini ushindi wake usitiwe chumvi. Ingetumika asubuhi, kwa waya uliotulia, ingeupitisha waya huu kwa alama ya chini. Kilichouangusha ni mambo matatu kwa pamoja, mzigo, joto na kutikiswa, yaani foleni ya Dar ikiwa imehamishiwa gereji.

Mpangilio wa kazi ulikuwa na udhaifu. Kutikisa wayaringi injini ikiwa inaunguruma, moto, huku valvu imeamrishwa, ni kazi isiyohitaji kifaa chochote, na ingefanywa mara baada ya jaribio la moto kushindwa ingeonyesha mahali penyewe kabla ya soketi kuchomolewa. Swali la ajali nalo lilichelewa. Kwa gari la mtumba lililokaa nchini miaka kadhaa, swali hilo linastahili kuandikwa kwenye kadi pamoja na namba ya simu, na liulizwe kwa mwenye gari. Dereva wa hesabu mara nyingi hana historia.

Kuhusu gereji mbili za kwanza, sioni uzembe mkubwa kama inavyoweza kusikika. Ya kwanza ilipima, kitendo ambacho wengi hawakifanyi, ila ikalinganisha namba mbili za joto tofauti. Ya pili ilitibu ugonjwa wa P0011 kwenye gari lenye P0010. Zote mbili zilikuwa na dereva amesimama kando anayetazama saa. Mteja wetu wa kawaida analipa spea bila ubishi mwingi, kwa sababu anaishika mkononi. Saa mbili za kupima anaziona kama fundi kutojua. Tajiri wa gari hili alikuwa tayari kutoa fedha ya kontroli boksi siku ileile, lakini bili ya kupima, iliyokuwa sehemu ndogo ya hiyo, aliijadili kwa simu mara mbili. Mfumo wa malipo wa namna hiyo unazaa mafundi wanaobahatisha, na sidhani kama lawama zote ni za mafundi. Sisi tangu hapo tunaandika bili ya kupima kando, kabla ya kazi kuanza, na anayeikataa anaambiwa mapema kwamba tutakachomfungia ni kwa hiari yake.

Lililobaki

Tepu ilipofunguliwa viungo vingine viwili vya mkono vya umri uleule vilionekana, vikielekea upande wa taa ya kulia. Vyote viwili vilijaribiwa kwa balbu na kupita, wakati huo. Tajiri aliombwa aruhusu wayaringi wote wa upande ule ufunguliwe na kuungwa upya, akasema gari lirudi kazini kwanza. Kwenye kadi imeandikwa: viungo viwili vya mkono upande wa kulia mbele, havikuguswa, mwenye gari amearifiwa; taa kubwa ya kulia ikianza kufifia au honi ikikatikakatika, anzia hapo.